Nyuso Zinazosubiri Majina: Picha za Kale na Historia ya Familia

Wageni wengi wanaovuka bahari kuja Unguja hufikishwa Kidichi, kaskazini-mashariki ya Mji Mkongwe, kutazama hamamu iliyojengwa kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850. Yasimuliwa kwamba alimjengea mkewe Shahrazad, binti wa ukoo wa kifalme wa Uajemi. Mama huyo hatumkumbuki kwa picha. Tunamkumbuka kwa sababu Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alimtaja katika kitabu cha maisha yake kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886. Jina liliandikwa, nalo likadumu.

Katika masanduku ya nyumba zetu hali ni kinyume chake: nyuso zipo, majina hayapo. Maadhimisho ya miaka mia moja hutufanya tuyafungue masanduku hayo, na hapo ndipo tunapoulizana, "Huyu aliyesimama nyuma ya kiti ni nani?" Mara nyingi aliyeweza kujibu tumekwisha kumzika.

Hata hivyo, picha yenyewe husema mengi ikiulizwa kwa utaratibu. Kwanza igeuzwe. Wapiga picha wa zamani walikuwa na desturi ya kuweka jina la studio kwenye kadi au kupiga muhuri nyuma. Katika Mji Mkongwe, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, wote wenye asili ya Goa, walifanya kazi hiyo tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe Rohit. Basi picha yenye muhuri wa Capital Art Studio haiwezi kuwa ya babu aliyefariki mwaka 1920, hata jamaa wote wakiapa kuwa ndiye. Labda ni nakala iliyopigwa upya kutokana na picha ya zamani zaidi.

Pili, yatazamwe mavazi na vyombo. Kanga yenye maneno hutuelekeza karne ya 20. Pazia lililochorwa, kiti au meza ya studio vikionekana pia katika picha nyingine yenye tarehe, tumepata jirani wa kutusaidia kukisia mwaka. Lakini mavazi yasituhadae kuhusu mahali. Picha mashuhuri ya Sayyida Salme akiwa amevaa Kizanzibari ilipigwa Hamburg, baada ya yeye kuondoka Unguja mwaka 1866.

Tatu, tuwaulize wazee, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa hutaja jina na wengine huitikia kwa heshima. Majibu mawili yakipatana bila wenyewe kushauriana, tuna msingi. Kisha tulinganishe na vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa: bibi arusi wa pichani akidhaniwa kuwa ni fulani, kitabu cha ndoa kitatuonyesha mwaka na majina ya mashahidi, ambao huenda ndio waliosimama kando yake.

Wapo watu ambao picha ziliwadhulumu tangu mwanzo. Kadi za posta za Zanzibar ziliwauza watu wengi kwa maelezo ya kabila au kazi tu, bila jina. Katika picha za mashamba na za nyumba kubwa, mtoto wa bwana alitajwa na yaya aliyempakata hakutajwa. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Zanzibar, lakini haikurudisha majina yaliyoachwa. Kanisa nalo lijichunguze: katika picha za misheni, mara nyingi mmisionari hutajwa, na mwinjilisti aliye kando yake huitwa "msaidizi". Picha za Misheni ya Leipzig, iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, siku hizi zinatazamika kwa intaneti. Wajukuu wanaweza kukamilisha yale yaliyoachwa.

Tena, familia nyingi za visiwani zilitawanyika baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wengine walikwenda bara, wengine Oman, wengine Uingereza. Nusu ya albamu iko Unguja, nusu Muscat. Kupelekeana nakala kumewafanya ndugu waliopoteana wajuane tena.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Albamu ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kubandua chochote, kwa maana mpangilio wake ni ushahidi. Nyuma ya picha iandikwe kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa kuwa kalamu ya wino hutokeza upande wa mbele. Gundi na utepe visitumike. Aandikwe pia aliyetoa jina na siku aliyolitoa. Na palipo na shaka, neno "labda" liandikwe bila haya. Jina la kukisia likichapwa kitabuni kama hiki, kesho litanukuliwa kuwa kweli, na mwenye uso wake atakuwa amepotea mara ya pili.

Ndugu msomaji, ukirudi nyumbani leo, keti na mzee wako mwenye picha mkononi na penseli kando. Muulize huyo aliyesimama nyuma ya kiti ni nani, nawe uandike.