Taji la Majani Nje ya Dirisha

Siku za Noeli katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni siku za baridi, na miti mingi imepukutika. Lakini utaona nyumba zilizotundikwa mataji ya majani mabichi: moja mlangoni, na pengine moja kwa kila dirisha, upande wa nje. Tazameni jambo hili: mwenye nyumba akikaa ndani, huona mgongo wa taji tu. Uso wake unaelekea njiani. Basi taji hilo ni neno analowaambia wapitao. Neno gani? Limebadilika mara nyingi, na siku moja watu walilipigania kwa ngumi.

Tuanze Roma. Mwaka 27 kabla ya Kristu, baraza la wakubwa lilimpa Augusto heshima: miimo ya mlango wake ilipambwa kwa matawi ya laureli, na juu ya mlango likawekwa taji la majani ya mwaloni. Taji la namna hiyo alipewa mtu aliyeokoa maisha ya raia mwenzake. Hivyo mlango wa Augusto ulisema: Hapa anakaa mwokozi wa raia. Baadaye watu wengine nao walipamba milango yao katika sikukuu za Kaisari. Tena Warumi walikuwa na miungu ya mlango: Janus wa lango, Forculus wa mbao zake, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Aliyepamba mlango alionekana kuwaheshimu hao pia.

Wakristu wafanye nini? Mnamo mwaka 200, Tertuliano, mwandishi wa Kartago katika Afrika ya Kaskazini, alikasirika sana. Alilalamika kwamba milango ya Wakristu ilikuwa na taa na majani kupita ile ya wapagani wenyewe. Aliona haifai mtu akatae kuingia hekaluni, kisha ibada ileile aifanye kizingitini pake. Hata katika karne ya 6, kanuni alizokusanya Martino, askofu wa Braga katika nchi ya Ureno, zilikataza kuzungushia nyumba laureli na majani mabichi mwanzoni mwa mwezi wa Januari.

Lakini mwaka 601 Baba Mtakatifu Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellito, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, shauri lingine: mahekalu ya wapagani yasibomolewe, sanamu tu ziondolewe, na siku za sikukuu watu wajenge vibanda vya matawi kando ya makanisa. Kumbe jani halikuwa na kosa. Kosa lilitegemea nani anaheshimiwa kwa jani hilo.

Uingereza ikawa nchi iliyopenda majani kuliko nyingi. Mwaka 1598 John Stow, mwandishi wa habari za mji wa London, alieleza kwamba siku za Noeli kila nyumba na kila kanisa lilipambwa kwa mimea isiyopukutika wakati wa baridi. Mmoja ni mholi, mti wenye majani ya miiba na matunda mekundu.

Kisha wakashika serikali Wapuritani, Wakristu wakali waliosema kwamba Biblia haikuagiza sikukuu hiyo. Mwezi wa Juni 1647 Bunge likaifuta Noeli. Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, katika mji wa Canterbury, meya aliamuru soko liendelee na maduka yafunguliwe. Maduka machache tu yalifunguliwa. Watu wakatupa bidhaa zao chini, wakamwangusha meya mwenyewe, na mbele ya milango wakasimamisha matawi ya mholi. Siku hiyo tawi la mholi halikuwa pambo tu. Lilisema: Katika nyumba hii Noeli haikufutwa. Mwaka 1648 wakubwa walitaka kuwashtaki waliofanya fujo, lakini wazee wa baraza la mashtaka walikataa. Mwaka 1660 mfalme alirudi, na Noeli ikarudi pamoja naye.

Na madirisha? Hapa twende Marekani, katika mji wa Williamsburg, jimbo la Virginia. Tangu mwaka 1926 mji huo ulianza kutengenezwa upya ufanane na siku za kale. Katika miaka ya 1930 waliwasha mishumaa madirishani, wakatundika nje mataji yenye matofaa na malimau. Wageni walipendezwa, wakaiga nyumbani kwao, wakidhani wanafuata mababu wa karne ya 18. Lakini wenye elimu ya historia hawakuona ushuhuda kwamba mababu hao walipamba nje ya nyumba hivyo. Ni desturi changa iliyovaa nguo za wazee.

Je, ni ya uongo basi? Sivyo. Kwetu pia matawi ya ngazi yaweza kutangaza sherehe, na yaweza kutangaza matanga. Tawi ni lilelile. Jani halina sauti yake. Augusto alilipa sauti ya ukubwa, watu wa Canterbury sauti ya ukaidi, na wengi leo sauti ya kumkaribisha mgeni. Lakini atundikaye taji nje ajue kwamba ameahidi kitu mbele ya wote. Mpita njia akibisha hodi, atajua kama taji lilisema kweli.