Ramani, Daftari na Historia ya Mtaa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini unaihusu historia vilevile. Mtaa usio na kumbukumbu hupotewa na mambo yake, wala haujui kwamba umepotewa.

Nchini Uingereza, wanafunzi wengi huanza kujifunza zama za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, kwa kuchunguza mtaa wao wenyewe. Yafaa tuitazame njia hiyo, faida zake na hatari yake.

Chombo chao cha kwanza ni ramani. Katika miaka ya 1850 wapima ramani wa serikali walianza kuichora nchi kwa kipimo cha inchi 25 kwa maili moja. Kwa kipimo hicho huonekana nyumba moja moja, kiwanda na njia ya reli. Mwanafunzi huiweka ramani ya kale kando ya ile ya leo, kisha hujiuliza: malisho haya yaligeuka lini kuwa mitaa, na kwa nini?

Ramani huonyesha nyumba. Sensa huonyesha waliomo. Sensa ya 1841 ndiyo ya kwanza kukusanya majina ya watu kwa nchi nzima. Ile ya 1851 iliandika pia umri, kazi, mahali pa kuzaliwa na uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Hivyo mtoto wa leo aweza kujua ni nani walilala usiku wa sensa katika nyumba inayotazamana na shule yake.

Chombo cha tatu ni daftari la mwalimu mkuu. Tangu miaka ya 1860 shule zilizopata ruzuku ya serikali zilitakiwa kuandika kumbukumbu zake. Sheria ya 1880 iliwalazimisha watoto wadogo kuhudhuria shule. Lakini madaftari yaeleza madarasa yaliyopungua wakati wa mavuno, kwa kuwa watoto walikuwa mashambani wakiwasaidia wazazi wao. Hapo mwanafunzi hujifunza jambo kubwa: sheria husema lililoamriwa, na daftari husema lililotendeka.

Hata hivyo, kila karatasi ina mwenyewe. Mwaka 1889 Charles Booth alianza kutoa ramani za umaskini wa London, kila mtaa ukiwa na rangi yake. Weusi ulikuwa alama ya tabaka la chini kabisa, ambalo maelezo ya ramani yaliliita la watu waovu. Habari nyingi zilitoka kwa maofisa waliopita nyumba kwa nyumba kufuatilia mahudhurio ya watoto shuleni. Wakazi hawakujichagulia rangi. Katika sensa nako, kazi nyingi za wanawake hazikuandikwa, ingawa nyumba zilisimama kwa jasho lao.

Mimi niliyekaa miaka mingi kati ya majalada ya ofisi najua kwamba jalada hutunza kauli ya aliyeshika kalamu. Jambo hili latugusa sisi. Katika zama hizo hizo za Victoria, mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mkataba upo, na barua za mabalozi zipo. Lakini wale waliouzwa, ambao msiba ulikuwa wao, mara nyingi wametajwa kwa idadi, si kwa majina. Anayesoma karatasi hizo peke yake atamjua balozi, asimjue mtumwa.

Kwa hiyo walimu wetu na wawapeleke vijana kwenye nyaraka za taifa, Dar es Salaam na Unguja, na wawafundishe kuiuliza kila karatasi: nani alikuandika, kwa ajili ya nani, na nani umemwacha? Kisha vijana warudi vijijini na mitaani, wakae na wazee, wachore ramani ya visima, makaburi na njia za zamani, waandike majina na tarehe. Mzee afapo hajaulizwa, huzikwa na daftari lake. Na hilo hakuna ofisi itakayoweza kutupa nakala yake.