Ushuru na Muuzaji wa Mtandaoni Nchini Kenya

Nchini Kenya, wajibu wa muuzaji wa rejareja kuiarifu serikali mauzo yake ni wa zamani kuliko intaneti. Ulianza pale ushuru ulipohama kutoka lango la kiwanda hadi kaunta ya duka. Ushuru wa mauzo wa mwaka 1973 uliwalenga zaidi wenye viwanda na waagizaji wa bidhaa. Ulifika dukani ukiwa umeshajificha ndani ya bei, na mwenye duka dogo hakuwa na fomu ya kujaza. Mwaka 1990 nafasi yake ilichukuliwa na Ushuru wa Ongezeko la Thamani, VAT. Kila mfanyabiashara aliyesajiliwa sasa alipaswa kuandika ushuru aliotoza alipouza, kuondoa ule aliolipa aliponunua, na kupeleka tofauti kila mwezi pamoja na ritani. Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, iliyoanza kazi Julai 1995, ilirithi jukumu la kukagua vitabu hivyo.

Vitabu vilikuwa na udhaifu mmoja: aliyeviandika ndiye aliyenufaika vikipungua kurasa. Katikati ya miaka ya 2000 waliosajiliwa kwa VAT walitakiwa kununua mashine za kielektroniki za risiti, zenye kumbukumbu ambayo muuzaji hakuweza kuifuta. Wafanyabiashara wengi walipinga agizo hilo, lakini mashine zilibaki. Hata hivyo, zilikuwa na sharti ambalo halikuandikwa popote: lazima pawepo kaunta ya kuziweka.

Wauzaji wadogo walitafutiwa njia ya mkato. Kuanzia Januari 2008, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 5 kwa mwaka alitozwa 3% ya mauzo ghafi, bila kuhesabu faida wala gharama, na ritani yake ilikuwa ya kila robo mwaka. Hesabu ilirahisishwa, lakini ilitegemea kinywa cha muuzaji mwenyewe. Mchuuzi aliyepokea noti na sarafu hakuwa na wa kumsahihisha.

Miezi 10 kabla ya ushuru huo kuanza, Machi 2007, huduma ya kutuma pesa kwa simu, M-Pesa, ilikuwa imezinduliwa. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, na namba ya till, ya kupokelea malipo, ikawa kama kibao cha duka. Soko la mtandaoni la Jumia nalo lilifungua milango Kenya karibu na wakati huo, huku maelfu ya wauzaji wengine wakitandaza bidhaa zao kwenye Facebook, Instagram na WhatsApp.

Biashara ya aina hiyo haihitaji jengo. Gauni la mtumba hupigwa pasi, likaangikwa mlangoni mwa chumba cha kulala, likapigwa picha karibu na dirisha na kuwekewa bei. Mnunuzi hutuma ujumbe, hupunguziwa kidogo, hulipa kwenye till, na mwendesha boda hulifikisha kabla ya jioni. Mkaguzi wa kaunti anayepita mtaani haoni lolote. Lakini malipo hayo yameacha saa, kiasi na namba ya mlipaji katika kumbukumbu za kampuni ya simu. Muuzaji wa mtandaoni haonekani kwa macho kama mwenye kibanda, ila huonekana zaidi kwa rekodi. Sheria zilizofuata zilichukua miaka kadhaa kulitambua hilo.

Ya kwanza iliendelea kutazama kibanda. Sheria ya Fedha ya 2018 iliweka ushuru wa makadirio mahali pa ule wa mauzo ghafi, kuanzia Januari 2019: mfanyabiashara mdogo alilipa 15% ya ada ya kibali chake cha biashara, wakati ule ule wa kukichukua au kukihuisha. Anayeuza akiwa chumbani bila kibali hakuwa na ada ya kukadiria. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2020, ushuru wa mauzo ghafi ulirejeshwa kwa 3%, safari hii ritani ikiwa ya kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Aprili mwaka huo, janga la Korona lilipobana biashara, kiwango kilishushwa hadi 1%.

Sheria ya Fedha ya 2019 ndiyo iliyolitaja soko la mtandaoni kwa jina, ikilieleza kuwa jukwaa linalowakutanisha moja kwa moja wanunuzi na wauzaji wa bidhaa au huduma kwa njia ya kielektroniki. Kutokana na tafsiri hiyo ulizaliwa Ushuru wa Huduma za Kidijitali, wa 1.5%, ulioanza tarehe 1 Januari 2021. Haukuwa ushuru wa kila gauni lililouzwa. Kwa upande wa masoko ya mtandaoni ulihesabiwa kwenye kamisheni au ada ambayo jukwaa lilijipatia, na bei ya bidhaa haikuguswa. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ukabaki kwa kampuni za nje zisizo na makao Kenya. Muuzaji wa ndani akaachwa na ushuru wake wa kawaida wa mapato au wa mauzo ghafi.

Badiliko lililomfikia yeye mwenyewe lilikuja mwaka 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilirudisha kiwango cha mauzo ghafi kwenye 3%, kwa wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Anayeuza bidhaa za shilingi 150,000 kwa mwezi, ambaye awali alilipa 1,500, sasa alidaiwa 4,500, hata kama faida ya mwezi huo ilimezwa na nauli za boda na mizigo iliyorudishwa. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo Julai 2024, lakini Mahakama ya Upeo ikaithibitisha Oktoba.

Sheria hiyo hiyo ilipanua mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS, uwafikie hata wasiosajiliwa kwa VAT. Kaunta haikuhitajika tena: ankara ingeweza kutolewa kwa kompyuta, kwa programu ya simu, au kwa kubonyeza *222# kwenye simu ya kawaida. Nguvu ya mfumo iliwekwa upande wa mnunuzi. Kuanzia Januari 2024, kampuni inayonunua bila ankara ya eTIMS haiwezi kuondoa gharama hiyo katika hesabu ya ushuru wake, kwa hiyo mnunuzi ndiye anayemdai muuzaji ankara.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kwenda mbali zaidi, lakini ulikataliwa na Rais baada ya maandamano yaliyofika Bungeni tarehe 25 Juni. Baadhi ya vipengele vyake vilirudi katika sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024. Ushuru wa Huduma za Kidijitali ulifutwa, na kampuni za nje zikawekewa ushuru mwingine: 10% ya mauzo yao huchukuliwa kuwa faida, na faida hiyo hutozwa 30%, sawa na 3% ya mauzo. Wenye majukwaa nao walipewa kazi ya kukata ushuru kwenye malipo yanayopitia kwao: 5% kwa mkazi wa Kenya na 20% kwa asiye mkazi.

Kwa hatua hiyo, sehemu ya wajibu wa kutoa habari imehamia kwa anayeshika pesa. Anayeuza kupitia jukwaa huweza kukatwa kabla hajalipwa. Anayeuza kwa picha na ujumbe, akipokea malipo kwenye till yake mwenyewe, bado ndiye anayejaza ritani yake. Vilevile anatakiwa kuhifadhi kumbukumbu za mauzo kwa miaka 5, na kujisajili kwa VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka.