Selimundu na Upasuaji: Umuhimu wa Kupima Mapema

Selimundu, au sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na badiliko la kinasaba cha himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison alionesha, kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, kuwa aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Wazazi wote wakiwa wabebaji, uwezekano wa kila mtoto kuugua ni 1 kati ya 4.

Wakati wa upasuaji, upungufu wa oksijeni, upungufu wa maji mwilini na baridi huweza kuzifanya chembe nyekundu zijikunje mithili ya mundu na kuziba mishipa midogo. Mapafu, figo na ubongo huweza kudhurika. Utafiti wa Ulaya na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulibaini matatizo makubwa kwa wagonjwa 13 kati ya 33 ambao hawakuongezewa damu kabla ya upasuaji, ikilinganishwa na 5 kati ya 34 walioongezewa.

Katika nyanda za baridi kama Karatu na Ngorongoro, kumtunzia mgonjwa joto ni sehemu muhimu ya tiba, sambamba na oksijeni na maji ya kutosha. Mwananchi mwenye selimundu, au mwenye ndugu wa damu anayeugua, anashauriwa kumweleza daktari mapema ili apimwe kabla ya siku ya upasuaji.