Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wahenga hao hao wakaongeza, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika miaka yangu ya ualimu niliona vikundi vingi vya jamii vikizaliwa na kufa, na ninaamini kuwa vilivyokufa mapema ni vile vilivyoshika methali ya kwanza na kuisahau ya pili.

Kilosa ni mji uliozoea wageni. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilileta maofisa, makarani na wafanyabiashara. Mashamba ya mkonge yakaleta manamba kutoka mbali. Wakati wa Mwingereza, klabu katika miji ya Tanganyika zilifuata rangi. Mzungu alikuwa na yake, Mhindi na yake, na Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni akibeba sinia. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilianza kujenga vituo vya ustawi wa jamii kwa ajili ya Waafrika, penye magazeti, redio na dansi. Mara nyingi bwana mkubwa alialikwa kuhutubu, watu wakapiga makofi, kisha kila mtu akaenda zake. Mgeni alikuja, lakini hakupewa jembe.

Mambo yalibadilika baada ya Uhuru. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Safari hii mgeni mzungumzaji alikuwa redio. Kwa wiki 12 watu zaidi ya 2,000,000 nchini kote walikutana katika vikundi vidogo. Walisoma kijitabu, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na maji machafu. Wakati huo watoto wengi walikufa kwa maradhi hayo.

Nilikuwa mwalimu kijana, nikaongoza kikundi kimoja. Jioni moja, baada ya kipindi cha vyoo, mzee mmoja aliuliza, "Na mjane asiye na nguvu, choo chake atachimba nani?" Redio haikuweza kumjibu. Ilibidi tumjibu sisi. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa mama huyo na majembe yetu, tukachimba hadi adhuhuri. Swali lile moja lilitufundisha kuliko hotuba nyingi nilizopata kusikia.

Matembezi nayo yana somo lake. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, lakini wakulima wengi jirani walimjua tembo kwa jambo moja tu, kwamba ni mwizi wa mahindi. Hifadhi waliiona kwa dirisha la basi, katika barabara ya Morogoro kwenda Iringa. Miaka kadhaa baadaye kikundi chetu kilichanga nauli, tukaenda kuitazama kwa karibu. Wazee walionyeshana mivumo, ile miti iitwayo mikumi, iliyopapa mahali hapo jina. Askari wa wanyamapori akatueleza faida za utalii. Alipomaliza, mama mmoja alisimama: "Baba, faida tumesikia. Je, mahindi yangu atayalipa nani?"

Askari alinyamaza kidogo. Hakumdanganya, alikiri kwamba hana fedha za kumlipa. Lakini aliketi nasi chini ya mti, tukazungumza kuhusu zamu za kulinda mashamba usiku na namna ya kupeleka taarifa mapema. Tuliporudi, zamu zilipangwa. Tembo hawakukoma kuja, lakini hakuna aliyekesha tena peke yake na debe lake.

Mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilianza kupita Kilosa. Sasa kumfikisha mgeni si kazi ngumu kama zamani. Kwa hiyo nawausia vijana wenye vikundi: mwalikeni daktari, bwana shamba, hata mbunge. Mpeni kiti na chai. Lakini kabla hajaondoka, aulizwe swali moja gumu, na wenyeji nao wakubaliane kazi moja ya kufanya kesho yake. Mkikosa hayo mawili, mtakuwa mmepata makofi tu.