Safari ya Akina Patel Kupitia Nyanza Kusini

Mkenya akitaka kumtaja Mhindi asiyemjua jina, humwita Patel, na aghalabu huwa amekosea. Huenda huyo ni Shah, au Lakhani, au Singh wa Punjab ambaye kwao na kwa akina Patel hakupakani. Lakini kosa lenyewe lina sababu. Ukimwacha Singh, ni vigumu kupata jina la Kihindi lililosambaa ughaibuni kama Patel, na sehemu ya safari yake ilipita huku kwetu, katika magati na vituo vya biashara vya wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, baadaye Nyanza Kusini, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo kaunti za leo za Homa Bay na Migori.

Wengi husimulia safari hiyo kama habari ya undugu: Mhindi mmoja akishafika, humwita kaka yake, kaka naye humwita shemeji, na baada ya miaka kumi barabara nzima ni yao. Si uongo. Lakini undugu haukuamua nani afungue duka Kendu Bay badala ya kulima Muhoroni, wala nani alifunge duka hilo ahamie Leicester. Hayo yaliamuliwa na sheria, na sheria zenyewe zina tarehe.

Tuanzie kwao. Patel lilikuwa cheo kabla ya kuwa jina. Huko Gujarat, magharibi mwa India, aliyeitwa hivyo alikuwa mkuu wa kijiji, msimamizi wa mashamba na ushuru wa ardhi. Wakulima wa jamii ya Patidar walilishika kama jina la ukoo, kwa hiyo watu wawili wenye jina hilo hawana lazima ya kuwa na babu mmoja. Katika wilaya ya Kheda, sehemu iitwayo Charotar, vijiji sita vilijiona bora kuliko vingine: Karamsad, Nadiad, Vaso, Dharmaj, Sojitra na Bhadran. Watu wake walioana wao kwa wao. Karamsad ndiko kwao Sardar Vallabhbhai Patel, mmoja wa viongozi wakuu wa uhuru wa India. Kwa hiyo Patel wa Dharmaj akikutana na Patel mwingine Kisumu, jina halikumwambia kitu. Alichotaka kujua ni kijiji.

Kuna pia akina Patel wa Kutch, eneo kame upande wa kaskazini-magharibi, na hao ni watu wengine kabisa. Wao ni mafundi wa mawe na saruji, na wamejenga sehemu kubwa ya miji ya Kenya. Wengi wao wameacha kulitumia jina Patel na kurudia majina ya koo zao: Hirani, Vekaria, Halai, Kerai, Bhudia, Varsani. Ukiona jina mojawapo ya hayo kwenye ubao wa mkandarasi kando ya jengo linaloinuka, yaelekea unamtazama Patel bila kujua. Ongeza Waislamu wa Surat na Bharuch wanaojiita vivyo hivyo, ndipo utakapoelewa kwa nini kuhesabu majina haya ni kazi yenye mitego.

Akina Shah wana kisa cha namna hiyo kilichopinda kinyume. Waoshwal, waumini wa dini ya Jaini kutoka vijiji 52 vinavyozunguka mji wa Jamnagar, walianza kuja Afrika Mashariki mwaka 1899, wakati ukame na njaa vimewakaba kwao. Walikuwa wakulima. Walipoingia katika biashara, wengi walijiandikisha kwa jina Shah, lenye heshima ya mfanyabiashara, na majina ya koo kama Haria, Gudka, Dodhia na Sumaria yakabaki ya nyumbani. Baadhi wameyarudia siku hizi, kwa hiyo si ajabu mtu na binamu yake wakawa na majina tofauti kwenye vitambulisho.

Msomaji wa Homa Bay hapaswi kushangaa. Kwa desturi ya Kigujarati mtu hubeba jina lake, la baba, kisha la ukoo. Wakili wa Mombasa aliyekuwa waziri katika serikali ya kikoloni mwaka 1954, A. B. Patel, kwa kirefu ni Ambalal Bhailalbhai Patel. Bhailalbhai ni baba yake. Wakoja, Waislamu wenye asili ya Gujarat, wengi wao hawakutumia jina la ukoo, hivyo la baba likachukua nafasi hiyo. Allidina Visram, tajiri wa maduka wa enzi za reli, alikuwa Allidina mwana wa Visram, lakini karani wa serikali alitaka jina la familia, na Visram ikawa familia. Kwa Waluo ilikuwa hivyo hivyo: mtoto aliyeitwa Odhiambo kwa kuwa alizaliwa jioni, leo ana wajukuu wanaoitwa Odhiambo waliozaliwa alfajiri.

Sasa reli. Dhana iliyozoeleka ni kwamba Wahindi wa Kenya ni wajukuu wa vibarua walioijenga. Vibarua hao, kama 32,000, wengi wao kutoka Punjab, waliletwa kwa mkataba kuanzia 1896. Karibu 2,500 walikufa, wengi wakarudi kwao, na wasiozidi 7,000 ndio waliobaki. Akina Patel wa Charotar hawakuja kwa mkataba huo. Walijilipia nauli ya meli hadi Mombasa, na kwa kuwa walikuwa na elimu kidogo ya Kiingereza, wengi walianza kama makarani wa reli na ofisi za serikali. Duka lilikuja baadaye, mshahara ulipotosha kununua shehena ya kwanza.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, lakini Nyanza Kusini haikupata reli wakati huo wala baadaye. Iliunganishwa kwa maji. Meli kama Winifred na Sybil zilizunguka Ziwa Victoria, na bandari ndogo za kusini mwa ghuba yake zikawa na maana. Waingereza walianza kuitawala wilaya kutokea Karungu, ufukweni katika Migori ya leo, kabla ya kuhamishia makao Kisii mwaka 1907. Mwenye duka aliifuata meli na bendera. Allidina Visram, aliyekuja Afrika akiwa kijana mdogo na kufariki mwaka 1916, ndiye aliyeonyesha njia: alipanga maduka na mawakala kufuata reli mpaka Uganda, akawapa wageni mali kwa mkopo, nao wakasonga hadi kusikofika reli.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mabati, familia ikilala nyuma. Barazani palikuwa na cherehani. Ndani mlikuwa na chumvi, viberiti, sukari, amerikani, kaniki, majembe, shanga, mafuta ya taa kwenye debe. Na kando ya mlango mizani, maana duka lilikuwa pia mahali pa kununulia. Mama aliyeleta simsim, mtama au ngozi alitoka na kitambaa au chumvi. Mizani ile ndiyo iliyozaa ugomvi mwingi. Mwenye duka ndiye aliyeishika, na aliyepimiwa hakuwa na wa kumwamulia.

Kwa nini Mhindi akawa wa duka tu? Hapa sheria inaingia mara ya kwanza. Nyanda za Juu alitengewa mzungu, na Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza juu ya Kenya, haukuliondoa zuio hilo kwa Wahindi. Katika hifadhi za Waafrika, Mhindi hakuruhusiwa kuwa na shamba. Aliruhusiwa ploti katika kituo cha biashara kilichotangazwa rasmi. Karibu na Kisumu, Kibos, palikuwa na makazi madogo ya wakulima wa Kihindi, lakini hiyo ilikuwa nadra. Kusini mwa ghuba, akina Patel na Shah walibanwa kwenye safu moja ya maduka, kisha wakalaumiwa kwa kuishi katika safu moja ya maduka.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, Wajerumani waliingia kutoka mpaka wa kusini, na tarehe 12 Septemba 1914 wakapigana na Waingereza Kisii. Katika vurugu zilizofuata mji uliporwa, yakiwemo maduka ya Wahindi. Waporaji hawakuwa Wajerumani bali wenyeji, na kwangu hilo linasema mengi juu ya miaka saba tu ya biashara. Hata hivyo waliofilisika walifungua tena. Miaka ya 1930 dhahabu ilivuta watu Macalder na maeneo mengine ya Migori, na baada ya vita vya pili Macalder ilichimbwa shaba mpaka mgodi ulipofungwa 1966. Kendu Bay na Homa Bay zilikuwa na viwanda vya kuchambua pamba. Kendu Bay ndiyo iliyoacha alama ya kuonekana zaidi: Masjid Tawakal, msikiti wa zamani ulio karibu na ziwa, kazi ya Waislamu wa Kihindi, na bado unaswaliwa.

Chuki ya mizani ilikomaa kuwa siasa. Sheria ya mwaka 1935 ya kuuza mazao ya Waafrika ilitaka leseni na vituo maalumu vya kununulia, na walionufaika ni wale waliokuwa na mtaji na ghala tayari, yaani Wahindi. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga aliongoza kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyokusanya akiba za Waluo ili wawe na maduka na matbaa yao wenyewe. Huwezi kusoma historia hiyo ukabaki unadhani Mhindi alikuwa mfadhili wa kijiji. Wala huwezi kusahau kwamba Ambu Patel, fundi wa kujalidi vitabu Nairobi, alitumia mali na muda wake kupigania Jomo Kenyatta aachiliwe.

Kisha uhuru, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiuliza Wahindi wa miji midogo walikwenda wapi, utajibiwa: Idi Amin aliwafukuza. Amin alitoa amri yake Agosti 1972, tena huko Uganda. Nyanza Kusini ilianza kumwagika miaka kadhaa kabla, kwa karatasi za Kenya.

Aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya aliupata uraia Desemba 12, 1963 bila kuomba. Wengine waliozaliwa hapa, au walioishi muda wa kutosha, walipewa miaka miwili waombe. Wengi hawakuomba. Walishika pasipoti za Uingereza, wakisubiri waone. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria mbili: ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia alihitaji leseni, na nafasi yake ikawa katikati ya miji mikubwa. Kwenye vituo vya mashambani biashara ikatengewa raia. Dirisha la duka lililofungwa kwa sababu hiyo halikuvunjwa na mtu. Leseni haikutoka, basi.

Habari zikafika London, nayo London ikashtuka. Kwa siku chache tu Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wenye pasipoti zake wasio na mzazi wala babu mzaliwa wa Uingereza, ikaanza kutumika Machi 1, 1968, na familia zikaruhusiwa kwa kiwango cha vocha 1,500 kwa mwaka. Waasia wa Kenya walikuwa 176,613 katika sensa ya 1962. Mwaka 1969 walikuwa 139,037. Mtu alikuwa mgeni huku, na mgeni kule alikoandikiwa pasipoti.

Waliofika Wembley, Harrow na Leicester walirudia walichokijua. Duka la kona lililofungwa saa nne usiku badala ya saa kumi na moja jioni ni duka la Kendu Bay lililohamishiwa kwenye baridi. Marekani, Patel akawa jina la moteli, ingawa anayetajwa kuanzisha biashara hiyo California miaka ya 1940 alikuwa Kanjibhai Desai. Sensa ya Marekani ya 2010 ilihesabu karibu watu 230,000 wenye jina Patel, nafasi ya 95 kwa wingi nchini humo. Wapo mashuhuri ambao wazazi wao walipitia huku Afrika Mashariki: wazazi wa mwigizaji Dev Patel walizaliwa Nairobi, wa Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, walitoka Uganda, na Kash Patel, aliyeanza kuongoza FBI mwaka 2025, ni mtoto wa Wagujarati waliotoka Afrika Mashariki.

Huku nyuma maduka yalichukuliwa na wenyeji, na mtaji wa Wahindi ulirudi kwa sura nyingine. Miwa ndiyo iliyouvuta: kiwanda cha serikali, Sony, kilianzishwa Awendo miaka ya 1970, na baadaye familia ya Rai ikajenga Sukari Industries huko Ndhiwa. Rai ni jina la Punjab. Anayehesabu Patel peke yake angeliruka.

Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44, na sensa ya 2019 ikawapata 47,555 wenye uraia. Sensa haiulizi jina la ukoo, hivyo haitakuambia wangapi ni Patel, wala wangapi wako Migori. Katiba ya 2010 nayo imeruhusu uraia wa nchi mbili, na Mkenya wa kuzaliwa aliyeupoteza uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine anaweza kuudai tena. Lakini aliyezaliwa Homa Bay mwaka 1950, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka India, na nyumbani kwao fomu ya miaka ile miwili ikakaa bila kujazwa, hakuwa na uraia wa kupoteza. Yeye huomba idhini ya kuingia kama watalii wengine.