Miswada ya Kiswahili, Uhifadhi wa

Miswada ya Kiswahili ni maandishi ya mkono yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu katika miji na visiwa vya pwani ya Afrika Mashariki: tenzi, barua, hati za mali, vitabu vya dini na tiba. Kwa karne nyingi ilitunzwa majumbani mwa masharifu, wanazuoni na washairi. Maktaba na idara za nyaraka ziliingia katika kazi hiyo baadaye sana, hasa karne ya 20.

Umri wa miswada iliyosalia

Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ni za mwanzoni mwa karne ya 18, zikianzia 1711. Zilitoka Kilwa kwenda kwa Wareno, na ndiyo maana leo ziko Goa, India. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Bwana Mwengo wa Athumani huko Pate. Mswada wake maarufu hutajwa kuwa wa mwaka 1141 Hijria, yaani 1728, nao ulifika Hamburg, Ujerumani. Kwa hiyo mashahidi wawili wakongwe wa uandishi wa Kiswahili walinusurika mbali na pwani iliyowazaa.

Maadui wa karatasi

Hewa ya pwani ina joto, unyevu na chumvi. Unyevu huleta ukungu, na mchwa akiingia sandukuni hula kitabu kizima kutoka ndani huku jalada likionekana zima. Wino nao una tabia zake. Wino wa masizi hudumu vizuri, ingawa maji huufuta. Wino wenye chuma huitafuna karatasi taratibu mpaka maneno yakadondoka na kubaki matundu yenye umbo la herufi. Mkono wa msomaji huchakaza pia, hasa pembe za kurasa. Misahafu iliyochakaa huondolewa kwa heshima, aghalabu kwa kuzikwa.

Kunakili: hifadhi ya wenyeji

Dhidi ya maadui hao watu wa pwani walikuwa na dawa moja kubwa, nayo ni kunakili. Kitabu kilipoanza kuchoka, mwenye khati nzuri alikiandika upya, na shairi likahamia kwenye karatasi changa. Ndiyo sababu mswada wa karne ya 19 unaweza kubeba utungo wenye umri mkubwa zaidi yake, na ndiyo sababu nakala mbili za utenzi mmoja hupishana beti. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa misahafu iliyoandikwa na kunakshiwa kwa ustadi wa hali ya juu, kwenye karatasi zilizoletwa na biashara ya bahari.

Mnakili anayejulikana kuliko wote ni Muhamadi Kijuma wa Lamu (takriban 1855–1945), mshairi, mwanamuziki na mchonga milango. Aliwaandikia watafiti wa Kizungu, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, tenzi nyingi kwa khati safi inayosomeka bila taabu hata leo. Wengi huwataja watafiti hao kuwa waokoaji wa fasihi ya Kiswahili. Haki inataka jina la Kijuma litangulie. Kazi za mkono wake sasa zimo katika makusanyo ya London na Ujerumani.

Makusanyo

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani kukusanya miswada na kurekodi tenzi kwenye kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Katalogi ya mkusanyo huo ilichapwa mwaka 1970, na bado ni ufunguo wa lazima kwa mtafiti. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, zina mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu ulioingizwa na UNESCO katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe ikabaki Lamu. Utaratibu huo ni bora kuliko ule wa kusafirisha vitabu.

Miswada ya majumbani

Miswada mingi ingali mikononi mwa familia, bila kuorodheshwa. Aliye nayo asiianike juani, asiibandike kwa utepe wa gundi wala kuifunika kwa plastiki, kwa maana madhara ya gundi na plastiki hayarekebishiki kwa urahisi. Aiweke mahali pakavu penye hewa, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu, aipige picha ukurasa kwa ukurasa, na aandike kwenye karatasi ya pembeni jina la aliyeinakili na la aliyeirithi, wangali wapo wanaoyakumbuka.